Makaburi Yatunzwayo kwa Mali ya Wengine

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali moja ambalo watu wengi huliona kuwa dogo, lakini sisi twaliona kuwa zito. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kutoa mali kwa kutunza makaburi na nguzo za ukumbusho wa watu waliokufa vitani? Na ikiwa mali hiyo hutoka kwa watu walio mbali, je, sisi tukaao karibu na mahali pale tumepunguziwa wajibu wetu?

Wako wasemao: "Wafu hawali wala hawavai. Kila shilingi itiwayo katika jiwe imeondolewa katika kinywa cha mtu aliye hai." Wako na wengine wasemao: "Mawe yale ni ya wageni. Wao waliyasimamisha, basi wao na wayatunze. Sisi yatuhusu nini?" Maneno haya twayasikia hata katika sharika zetu, tena hayasemwi na watu wabaya. Kwa hiyo yafaa tuyapime polepole, tusiyatupe wala tusiyameze.

Tutazame kwanza mahali pamoja, ili tusiseme maneno ya hewani. Mtu asimamaye Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, akitazama baharini kuelekea kaskazini, huona visiwa vidogo. Kimoja chao ni Chapwani, ambacho huitwa pia Kisiwa cha Makaburi. Huko, tangu karne ya kumi na tisa, walizikwa mabaharia wa Kiingereza, na baadhi yao ni watu waliokufa katika kazi ya kuyazuia majahazi yaliyochukua watumwa. Kisha vikaja vita vya 1914. Siku ya Jumapili, tarehe 20 Septemba mwaka ule, alfajiri, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja, ikaipiga kwa mizinga manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ile ya adui wake. Kwa muda mfupi mabaharia zaidi ya thelathini waliuawa au wakapata majeraha ya kufisha, na wengine zaidi ya hamsini wakajeruhiwa. Na chombo chenyewe kikazama siku ile ile. Mabaharia hao wa Pegasus walizikwa Chapwani, mbali sana na mama zao.

Königsberg nayo haikuokoka. Ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa huko. Leo mzinga mmoja wa Pegasus na mzinga mmoja wa Königsberg imewekwa Mombasa, penye Ngome ya Yesu, nayo imekaa pamoja wala haina ugomvi tena. Mtu aitazamaye aweza kujiuliza: kama vyuma vimepatana, kwa nini wanadamu walichelewa?

Basi fikirini juu ya kaburi lililo katika kisiwa kama kile. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula jiwe. Mvua ya masika huzifuta herufi kidogo kidogo. Mizizi huinua misalaba ikainama, na majani huota mpaka mgeni asijue kama anakanyaga njia au kaburi. Ili kaburi moja lisomeke, lazima mtu avuke kwa mashua, afyeke, anyoshe jiwe lililolala, aizibe nyufa, achonge tena herufi iliyofutika. Na mwaka ujao afanye vivyo hivyo. Kazi hii haina sifa, wala haionekani isipokuwa inapoachwa. Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walijua walisemalo.

Mji Mkongwe wenyewe umefundishwa jambo hili kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka, na watu wawili wakafa. Ilianguka wakati kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea, kwa mali iliyotolewa na nchi ya Oman. Msaada ulikuwa umekwisha kuja, lakini kuta zilikuwa zimechoka kwa miaka mingi. Kwa hiyo twajifunza kwamba msaada ufaao kuliko yote si ule mkubwa ujao mara moja kwa kishindo, bali ni ule wa kiasi usiokatika.

Kwa makaburi ya askari na mabaharia wa Dola ya Kiingereza, wakiwamo wale wa Pegasus, kazi hiyo ilikabidhiwa Tume maalum iliyoanzishwa tarehe 21 Mei 1917, ambayo leo huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Gharama zake hulipwa na serikali sita, yaani Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India, kila moja kwa kadiri ya hesabu ya makaburi yake. Tume hii huwakumbuka watu wapatao milioni 1.7, katika mahali 23,000 hivi, katika nchi zaidi ya 150. Wajerumani nao wana chama chao, Volksbund Deutsche Kriegsgräberfürsorge, kilichoanzishwa mwaka 1919. Chama hicho hupata sehemu kubwa ya mali yake kwa michango ya wanachama na sadaka za watu wa kawaida, hata kwa kupitisha vikopo njiani na milangoni mwa nyumba. Mwanamke mmoja katika mji wa Ujerumani hutia sarafu yake, naye hatafika kamwe katika kaburi litakalofyekwa kwa sarafu ile. Je, tuseme kwamba amepoteza? Hasha. Amemtendea wema mtu asiyeweza kumlipa, na wema wa namna hiyo ni nadra duniani.

Sisi Walutheri wa nchi hii tusingepaswa kuwa wa mwisho kuelewa neno hili. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani walitiwa kizuizini, na sharika zikabaki kama watoto walioondokewa na walezi. Hapo Wakristo wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, waliubeba mzigo usiokuwa wao, wakachanga kwa ajili ya watu wasiowajua kwa sura. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mali itokayo mbali haina baraka. Tulilelewa nayo.

Sasa turudi kwa yule asemaye kwamba shilingi ya jiwe imenyang'anywa kinywani mwa mtu hai. Neno lake lina nguvu, wala hatutaki kulipunguza. Maana yuko askari mzee ambaye hana bati juu ya nyumba yake, na siku ya kumbukumbu huitwa asimame juani huku maua yakiwekwa penye nguzo. Maua hukauka kesho yake, naye hurudi nyumbani na njaa yake. Ukumbusho wa namna hiyo ni deni lililopakwa rangi.

Lakini angalieni: kosa hapo si kwamba jiwe limetunzwa. Kosa ni kwamba mtu ameachwa. Nayo mambo haya mawili hayapingani, bali hutoka katika chemchemi moja. Watu wasahauo wafu wao wa vita hawawi wepesi kuwakumbuka wazee wa vita. Na watu wawatunzao wazee kwa moyo hawawezi kuona kaburi la mwenzao likiliwa na majani wakanyamaza. Kule Unguja wenyewe, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ukumbusho uliojengwa Mnazi Mmoja haukuwa sanamu ya mtu mwenye bunduki. Lilijengwa jumba la makumbusho, lililochorwa na J. H. Sinclair, likafunguliwa mwaka 1925, likaitwa Beit el-Amani, maana yake Nyumba ya Amani. Waliofikiri hivyo walitaka walio hai waingie, watazame, wajifunze. Wafu wakumbukwe kwa faida ya walio hai. Hilo ni wazo jema. Nguzo na mkate si lazima vishindane.

Tena viko vyama vilivyoelewa hivyo. Mwaka 1921, huko Cape Town, kiliundwa chama cha kuwasaidia waliokuwa askari wa Dola, ambacho leo huitwa Royal Commonwealth Ex-Services League. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliahidi paundi milioni 12 hivi ili wazee waliolitumikia jeshi lake kabla nchi zao hazijajitawala, pamoja na wajane wao, wapate milo miwili kwa siku. Tusomapo habari hiyo twafurahi, kisha twahuzunika. Twafurahi kwa kuwa wazee wamelishwa. Twahuzunika kwa kuwa vita vya pili vilikwisha mwaka 1945, na mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini siku zile alikuwa na miaka zaidi ya tisini msaada huo ulipotajwa. Heshima ikichelewa hivyo, wengi wa waliostahili huwa wamekwisha kuzikwa.

Iko na habari nyingine, ambayo husimuliwa mara nyingi, juu ya askari waliopigana upande wa Wajerumani. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa wale waliosalia. Husimuliwa kwamba huko Mwanza walikuja wazee mia tatu na zaidi, lakini wachache tu ndio waliokuwa na karatasi za kuthibitisha utumishi wao. Basi mlipaji akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Wote wakayafanya bila kukosa, maana mwili ulikuwa haujasahau baada ya miaka karibu hamsini. Watu husimulia kisa hiki wakicheka. Sisi hatuwezi kucheka sana. Twamwona mzee amesimama na ufagio begani mbele ya mtu mwenye fedha, akiuthibitisha ujana wake. Tena twajiuliza swali ambalo wasimulizi hawaliulizi: na mpagazi je? Yeye aliyebeba masanduku ya risasi na magunia ya unga kutoka pwani mpaka bara, angalithibitisha kwa nini? Hakufundishwa gwaride. Hakuna ufagio uwezao kumshuhudia mpagazi.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha maneno yetu. Mali ya ukumbusho hufuata majina. Palipo na jina, pana kaburi. Palipo na kaburi, pana jiwe. Palipo na jiwe, mtoaji aona mahali pa kuweka sadaka yake. Lakini pasipo jina, hata mtoaji mwema hupita asione kitu. Kwa hiyo waliokwisha kukumbukwa huongezewa kumbukumbu, na waliosahauliwa huzidi kusahauliwa, wala hakuna mtu mmoja aliyekusudia uovu huo.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki, Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja. Wengi walikamatwa vijijini mwao, wala hawakuulizwa kama wataka. Hesabu ya waliokufa yakaribia laki moja, na wako wataalamu wanaosema kwamba ilizidi. Hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi, kwa kulala katika mvua bila blanketi, na kwa kula unga wa mahindi ambao hawakuuzoea na ambao haukuiva kwa sababu ya haraka ya safari. Upande wa Wajerumani nao walichukuliwa wapagazi, wanaume kwa wanawake, na vifo vyao havikuhesabiwa sawasawa. Jina la kikosi cha wapagazi lilibaki katika mitaa ya miji: Kariakoo katika Dar es Salaam, na Kariokor katika Nairobi. Watu huenda sokoni kila siku wakilitamka, nao hawajui kwamba wanataja jeshi la wafu.

Unguja nao haukukosa sehemu yake. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Unguja, aliwakusanya watu wa kisiwa wawe kikosi cha wapagazi, akapewa cheo cha meja, akavuka bahari pamoja nao, akatembea nao barani. Vita vilipokwisha hakunyamaza. Mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kuishutumu serikali yake kwa kazi za kulazimishwa walizotwikwa Waafrika. Alipokufa mwaka 1924 habari zake ziliandikwa, na jina lake lajulikana mpaka leo. Nasi twalitaja kwa shukrani. Lakini waliotembea nyuma yake, wenye mizigo kichwani, ni nani leo awezaye kutaja hata kumi kati yao?

Tusidhani kwamba walisahauliwa kwa bahati mbaya tu. Tume ya mwaka 1917 iliweka kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na mawe yawe sawa, bila kutofautisha cheo wala taifa wala dini. Kanuni hiyo ilishikwa katika Ulaya. Katika Afrika ya Mashariki wakubwa waliamua kwamba kwa askari na wapagazi Waafrika yatosha sanamu za jumla. Basi zikasimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, katika miaka ya 1927 na 1928. Ile ya Dar es Salaam, iliyotengenezwa na mchongaji James Alexander Stevenson, yasimama katikati ya njia mpaka leo, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi hayo huwataja wapagazi pia, kwa kuwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Ni neno la heshima, twakubali. Lakini mguu hauna jina, wala mkono hauna jina. Mtu ndiye mwenye jina.

Ilipita miaka karibu mia. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ndefu, ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa sawa na wenzao. Tena kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hawa wa pili ni Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Tume ikaomba radhi, ikaanza kutafuta majina. Mwezi wa Januari 2025, katika Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, waliokufa katika utumishi wa vikosi vya kazi bila kaburi lijulikanalo. Kila mmoja wao amewekewa nguzo ya mti mgumu yenye jina lake. Hivyo twajua kwamba jambo hili lawezekana, hata baada ya miaka mia. Yatakiwa mtu atafute.

Lakini ni nani atakayetafuta? Mtoaji aliye mbali aweza kununua jiwe, aweza kulipa mchongaji, aweza kumwajiri mfyekaji wa majani. Hawezi kununua jina. Jina liko kwetu. Liko katika kitabu cha ubatizo kilichokaa kabatini katika usharika, liko katika daftari la mazishi, liko katika kinywa cha bibi mzee ambaye alisikia kwa mama yake kwamba kaka yake alichukuliwa kariakoo asirudi. Mali yaweza kuvuka bahari, lakini kumbukumbu ya jirani haina mashua nyingine ila jirani mwenyewe.

Katika Kitabu cha pili cha Samweli iko habari ya Rispa binti Aya, ambaye watoto wake wawili waliuawa pamoja na wengine watano, na maiti zao zikaachwa mlimani. Rispa hakuwa na mali wala amri. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Habari zake zikamfikia mfalme Daudi, naye ndiye aliyekuwa na uwezo. Akaikusanya mifupa ya waliokufa, pamoja na ya Sauli na Yonathani, ikazikwa kwa heshima. Angalieni utaratibu wake, ndugu. Mwenye uwezo alikuja baadaye. Mlinzi ndiye aliyetangulia. Kama Rispa angaliondoka pale mwambani, je, mfalme angalisikia nini?

Basi yule asemaye, "Mawe yale ni ya wageni, na wayatunze wao," twamjibu hivi: Jiwe laweza kuwa la mgeni, lakini kaburi liko katika ardhi yako, na aliyelala ndani yake hawezi kwenda kwao. Kumfyekea njia si kumtumikia aliyemtuma. Na yule asemaye kwamba vita vile havikuwa vyetu, twamwambia kwamba asema kweli. Vilikuwa vita vya wafalme wa mbali, na watu wetu walikufa kwa ajili ya ugomvi ambao hawakuuanza. Lakini sisi hatuiheshimu vita, twamheshimu mtu. Mtu aliyelazimishwa kubeba mzigo mpaka akaanguka astahili kukumbukwa kuliko aliyekwenda kwa hiari yake, kwa kuwa huyu wa pili alichagua, na wa kwanza hakupewa nafasi. Kumnyima jina kwa sababu vita vilikuwa vibaya ni kumwonea mara ya pili.

Tena tukisema juu ya Unguja, tusiwasahau wale wa tarehe 27 Agosti 1896. Siku ile manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga nyumba ya Sultani, na kwa muda usiotimia saa moja watu kama 500 wa Unguja waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Vitabu hutupa hesabu ya wale 500, na huitaja vita hiyo kwa mzaha kuwa ni fupi kuliko zote duniani. Kwa aliyepoteza baba yake asubuhi ile haikuwa fupi.

Sasa, tufanye nini? Twaona mambo matatu.

La kwanza lamhusu mtoaji. Yeye atoe kwa unyenyekevu, wala asiandike jina lake kwa herufi kubwa kuliko za marehemu. Asichague wafu wa kwao tu na kuwaruka waliolala kando yao. Anapoleta fedha za kaburi moja, na aulize: ni nani mwingine alikufa hapa? Tena asidhani kwamba jiwe zuri lamwondolea deni la askari mzee aliye hai. Aanze na mkate wa huyo, kisha aende kwenye jiwe. Au afanye yote mawili pamoja, asitumie moja kuwa udhuru wa kuliacha la pili.

La pili lamhusu mpokeaji. Mali ya ukumbusho ni amana ya watu wawili: aliyeitoa, ambaye hayupo, na aliyekufa, ambaye hawezi kusema. Hakuna mali iliyo rahisi kuibwa kuliko hiyo, kwa kuwa wenyewe wote wawili hawaoni. Kwa hiyo mwenye kuipokea na aandike hesabu kana kwamba wote wawili wamesimama mbele yake. Tena asitegemee mkono wa nje siku zote, maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali za mbali hubadilika, na moyo wa mtoaji waweza kupoa. Usharika unaofyeka makaburi yake mara moja kwa mwaka kwa mikono yake wenyewe umejenga ukumbusho usiotegemea barua kutoka ng'ambo.

La tatu latuhusu sisi sote, hasa ninyi makatekista na walimu. Katika nchi yetu tarehe 25 Julai kila mwaka ni Siku ya Mashujaa, na mkuki na ngao huwekwa penye mnara. Ni desturi njema. Lakini tungependa siku hiyo iwe pia siku ya daftari. Kila mmoja na awaulize wazee wa ukoo wake: Ni nani kati yetu alichukuliwa vitani, awe askari au mpagazi, upande wa Waingereza au wa Wajerumani, katika vita vya kwanza au vya pili? Na liandikwe jina lake, na la baba yake, na la kijiji chake, na neno lo lote likumbukwalo juu yake, hata kama ni kwamba alipenda kuimba au alikuwa mwepesi wa hasira. Mahali yasipojulikana, yaachwe wazi, wala asibuniwe mtu. Daftari hilo likae pamoja na vitabu vya usharika. Gharama yake ni kalamu, karatasi na saa chache za kukaa na mzee. Siku mtoaji atakapokuja na mali yake, atakuta kazi ya kufanya. Naye asipokuja, jina litakuwa limeokolewa.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba jiwe latosha, wala hatusemi kwamba jiwe ni bure. Twasema kwamba heshima ya waliokufa vitani yahitaji mikono miwili: mkono wa mbali wenye mali, na mkono wa karibu wenye kumbukumbu. Wa kwanza ukikosekana, kaburi litakuwa na majani. Wa pili ukikosekana, hakutakuwa na kaburi la kufyeka. Mkono wa kwanza hatuwezi kuuamuru. Wa pili ni wetu, nao wazee wanaokumbuka hupungua kila mwaka. Waulizeni upesi.